Helmeti, Viatu na Subira: Somo kwa Waendeshaji wa Pikipiki na Jamaa Zao

Somo hili ni la vikundi vya boda boda. Ni la wake zao pia, na wazazi, na sisi abiria. Laweza kusomwa kwa mkutano mmoja au miwili. Anayeongoza asome kila sehemu kwa sauti, kisha wenzake waulize maswali na kuongeza yale wanayoyajua kutoka barabarani. Ikiwezekana kila mtu aje na helmeti yake, jaketi lake na viatu vile vile anavyovaa kazini, maana tutavishika na kuvipima.

LENGO LA SOMO

Tukimaliza, kila mmoja wetu aweze:

1. Kuchagua helmeti inayomkinga kweli, na kuijua ile ya kuogopea polisi tu.
2. Kupanga pesa kidogo alizo nazo ili anunue vifaa vya maana kwanza.
3. Kujua ni lini aliyeanguka yuko tayari kurudi kwa pikipiki, na ni lini bado.
4. Kusaidiana na wenzake ili mgonjwa asirudi kazini kabla ya kupona.

1. KWA NINI TUNAZUNGUMZA HABARI HII

Jina boda boda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Watu walibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Aliyeanguka na baiskeli mara nyingi aliinuka, akajipangusa vumbi, akaendelea. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, na baada ya hapo pikipiki zikaenea hadi vijiji ambavyo matatu haifiki. Vijana wengi wamepata riziki, na akina mama wengi wamefika hospitali kujifungua kwa sababu ya boda boda. Hatuwezi kusema kazi hii ni mbaya.

Lakini jina lilibaki lile lile huku mwendo ukibadilika. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, inapita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Mtoto akitokea ghafla, kabla hata mkono wako haujashika breki umekwisha kula hizo mita 14. Ukigonga ukuta kwa mwendo huo, ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kutoka juu ya nyumba ya orofa tatu. Hakuna kati yetu anayeweza kusimama juu ya orofa tatu na kuruka eti kwa sababu ana uzoefu wa miaka kumi.

Mwaka 2008 pia ulitolewa uchunguzi uliokusanya pamoja tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69. Basi helmeti si hirizi. Haizuii ajali, na haimwokoi kila mtu. Lakini hakuna kitu kingine tunachoweza kununua dukani kinachotukinga kiasi hicho.

Sheria nayo iko. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inataka mwendeshaji na abiria wake wote wawili wavae helmeti na jaketi la reflekta, na pikipiki ibebe abiria mmoja tu. Hata hivyo tusivae kwa sababu ya polisi. Polisi hayuko kila kona, lakini lami iko kila mahali.

2. HELMETI: TAZAMA NDANI KABLA YA KUTAZAMA RANGI

Watu wengi hufikiri kwamba kinachokinga kichwa ni lile ganda gumu la nje. Hilo ni nusu tu ya habari. Chukua mayai uyapange ndani ya ndoo tupu, kisha uiangushe ndoo. Ndoo haitapasuka, lakini mayai yatakuwa uji. Sasa yapange mayai ndani ya ndoo iliyojaa maranda ya mbao. Hapo mengi yatapona. Ubongo ni kama yai. Kichwa kinaposimama ghafla, ubongo unaendelea na safari na kugonga mfupa kutoka ndani.

Kwa hiyo helmeti ya kweli ina safu ya povu gumu chini ya kitambaa, lile povu jeupe au jeusi linalofanana na lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni. Kazi ya povu hilo ni kubondeka. Likibondeka linakula nguvu ambayo ingefika kwenye ubongo. Helmeti isiyo na povu, iliyo na sponji laini tu ya godoro, ni ndoo tupu. Na kofia za mjengo pia hazifai, kwani zilitengenezwa kumkinga fundi na jiwe linalodondoka kutoka juu, si kwa mtu anayeruka barabarani.

Unapokwenda kununua, fuata hatua hizi:

Kwanza, pima kichwa. Zungusha futi ya fundi cherehani juu ya nyusi na nyuma mahali kichwa kilipotokeza zaidi. Kwa helmeti nyingi, sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL. Usichukue kubwa ili ikae vizuri na kofia yako ya sufi ndani. Helmeti inayocheza itatoka.

Pili, ivae dukani kwa dakika kumi. Ikubane mashavu kidogo, lakini isikuumize paji la uso. Tikisa kichwa. Ngozi ya uso iende pamoja na helmeti.

Tatu, funga mshipi wa kidevuni hadi vidole viwili tu viweze kupita chini yake. Kisha mwambie mwenzako aisukume kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikivuka macho na kutoka, irudishe kwa mwenye duka, hata kama ni ya bei nzuri.

Nne, inua kitambaa cha ndani ubonyeze kwa kidole gumba. Lazima ukute povu gumu kila upande. Angalia pia kama mshipi umeshikwa kwa ribiti za chuma na si kwa gundi.

Tano, tafuta alama. Hapa kwetu ni alama ya Shirika la Viwango, yaani KEBS. Helmeti kutoka nje zaweza kuwa na alama ya ECE ya Ulaya au DOT ya Marekani. Lakini stika huchapishwa hata na walaghai, kwa hiyo alama isikufanye uache kupima ile hatua ya nne.

Kama una uwezo, chagua ile inayofunika kidevu. Mtu akianguka kifudifudi, anayetangulia ni kidevu na meno. Kioo cha mbele kiwe cheupe. Kile cheusi ni kizuri saa saba mchana, lakini saa moja jioni kinamfanya mwendeshaji kuwa kipofu. Kioo kilichokwaruzwa sana kibadilishwe, kwa sababu taa za gari linalokuja zitatawanyika machoni.

Usinunue helmeti ya mitumba. Povu likishabondeka halirudi, na kwa nje huwezi kuona. Kwa sababu hiyo hiyo helmeti iliyoanguka na mtu ndani yake haivaliwi tena, hata kama haina alama. Imemaliza kazi yake. Ikate mshipi ili asije mwingine akaiokota na kuiuza. Hata isiyoanguka, baada ya miaka mitano hivi ya jua na jasho, ibadilishe. Usiioshe kwa petroli wala thina, kwani huyeyusha povu. Sabuni na maji ya vuguvugu vyatosha.

Helmeti ya abiria

Abiria wengi hukataa. Mama aliyesuka nywele jana hataki ziharibike, na mwingine anaogopa chawa na mashilingi. Tusiwacheke. Hofu ya mashilingi ni ya haki, maana ugonjwa huo huambukizwa kwa vitu vya kichwani. Dawa yake ni hii: anika helmeti juani kila siku, osha kitambaa cha ndani kila wiki, na umpe abiria kitambaa chepesi safi cha kuvaa chini yake. Abiria wa kila siku naye aweza kubeba kitambaa chake mkobani. Na ukishampa helmeti, mfungie mshipi. Helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini.

3. PESA NI KIDOGO: TUANZE WAPI?

Mtu mwenye familia hawezi kununua kila kitu kwa siku moja. Twashauri mpango huu: helmeti kwanza, kisha viatu, kisha glovu, kisha jaketi, kisha pedi za magoti. Sababu ni hizi.

Viatu. Pikipiki ikilala, mara nyingi mguu ndio unaobanwa chini yake. Patipati na akala hutoka mguuni hata kabla ya mtu kufika chini. Gamubuti ni afadhali kuliko patipati kwa sababu ya matope na joto la ekzosi, lakini haishiki kifundo na huchomoka. Kinachofaa ni kiatu kigumu kinachopita juu ya kifundo cha mguu, chenye soli isiyoteleza, kama buti za kazi au buti za ngozi za mitumba zilizo imara. Kamba za viatu ziingizwe ndani, zisije zikanaswa na pedali ya gia.

Glovu. Mtu akianguka hutanguliza mikono bila kufikiri. Aliyechubuka viganja hawezi kufunga kifungo, hawezi kula ugali kwa mkono wake, wala kujisafisha msalani. Tafuta glovu za ngozi zilizoongezwa kipande cha pili kiganjani. Zile za sufi ni za baridi tu. Na wale wanaofunga mifuko ya ngozi kwenye hendeli waelewe kwamba mikono inakaa joto, sawa, lakini mkono lazima uweze kutoka haraka.

Jaketi. Lami husugua kama kikwaruzo cha nazi. Suruali ya jinzi ya kawaida hutoboka mapema sana mtu anapoburutwa, na shati jepesi ni kama halipo. Ngozi nene hustahimili zaidi. Huko mitumbani waweza kupata jaketi la ngozi, au hata jaketi lililotengenezewa pikipiki. Hili la pili utalijua kwa pedi za viwiko na mabega. Ukitoa pedi hiyo na kukuta maandishi EN 1621-1, hiyo ni pedi iliyopimwa. Vuta mishono kwa nguvu hapo hapo sokoni. Ikiachia mkononi mwako, itaachia barabarani.

Koti refu la baridi linalovaliwa nyuma mbele linakinga upepo, lakini mikia yake ifungwe. Leso, shuka na ncha za skafu vikinaswa na spoki au cheni, vinamvuta mtu chini. Mwambie abiria akusanye nguo yake kabla ya kuondoka. Na abiria akae kwa kupanua miguu pande zote mbili. Ajichunge na ekzosi, maana ndama nyingi za mguu wa kulia zimeungua hapo. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Reflekta. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalifikiria. Abiria akipanda, anaufunika mgongo wa mwendeshaji. Dereva wa lori anayetoka nyuma usiku haoni reflekta yako, anaona mgongo wa abiria. Kwa hiyo jaketi la reflekta la abiria si mapambo, ndilo linalowaokoa nyote wawili. Na ukibeba mzigo, bandika reflekta kwenye mzigo wenyewe. Reflekta iliyojaa vumbi haing'ai.

4. MWENZETU AMEANGUKA

Saa ya kwanza. Simamisheni magari kwanza, asije akagongwa mara ya pili. Msimvue helmeti kwa kuivuta, isipokuwa kama hapumui au anasongwa na matapishi. Ikibidi ivuliwe, mmoja ashike shingo isitikisike na mwingine aivute polepole. Anayevuja damu nyingi abanwe jeraha kwa kitambaa safi. Msimpakie katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Tumezoea hivyo kwa haraka na kwa huruma, lakini kama shingo au uti wa mgongo umeumia, twaweza kumpoozesha. Tafuteni gari alimolazwa mtu chali, na kichwa kishikwe.

Ajali ya kuumiza iripotiwe polisi ndani ya saa 24, na mwenzetu apewe abstrakti. Bila karatasi hiyo, mambo ya bima yatakwama.

Siku zinazofuata. Aliyegonga kichwa, hata kama aliinuka akatembea, achungwe. Akianza kutapika, kulala usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa kunakozidi, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, arudishwe hospitali usiku huo huo. Msingoje asubuhi.

5. KURUDI KWA PIKIPIKI: VITU VITATU LAZIMA VIPONE

Mwili

Mfupa hauna haraka na haujui deni. Kifundo cha mkono kilichovunjika mara nyingi hukaa kwenye plasta wiki sita hadi nane. Mfupa wa muundi wa mguu huchukua miezi minne hadi sita kwa wengi, na wengine zaidi. Plasta ikitoka, mfupa umeunga lakini misuli imelegea. Ndiyo maana mazoezi ya viungo ni sehemu ya matibabu, si nyongeza.

Kijana mmoja wa eneo letu alikuja ofisini akitembelea gongo. Alikuwa wiki ya sita tangu avunjike muundi. Plasta alikuwa ameikata mwenyewe kwa kisu.

"Mama, mimi siwezi kungoja," akasema. "Mwenye pikipiki anataka shilingi 400 kila jioni, na amesema atampa mtu mwingine. Mtoto yuko Grade Four na chakula cha shule hakijalipwa."

Nikamwuliza, "Mguu ukikataa njiani, ukiwa umebeba mtu, itakuwaje?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Kwani nitakula nini hiyo miezi mingine?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na mahubiri hayalijibu. Tulikaa na mwenyekiti wa steji yake tukapiga hesabu. Mfupa ukivunjika tena pale pale, miezi inaanza upya, pengine na upasuaji juu. Mwishowe kijana mwingine asiye na pikipiki aliichukua ile ya mgonjwa. Kila jioni alimlipa mwenye pikipiki zile 400, na kilichobaki baada ya petroli wakagawana. Haikuwa pesa nyingi. Ilinunua unga na kulipa chakula cha shule. Mgonjwa alirudi hospitali akafungwa plasta upya, na akapanda pikipiki tena mwezi wa saba. Hata leo anachechemea asubuhi kukiwa na baridi, na ameacha kazi ya usiku.

Kabla ya kurudi, jipime hivi, na daktari akubali:

- Je, waweza kusimama kwa mguu ulioumia peke yake kwa nusu dakika?
- Je, waweza kufinya klachi na breki mara hamsini bila mkono kutetemeka?
- Je, waweza kugeuza shingo hadi uone nyuma ya bega pande zote mbili?
- Je, waweza kuinua pikipiki iliyolala?
- Je, umeacha dawa za maumivu zinazoleta usingizi?

Ukijibu hapana hata mara moja, bado. Na aliyepoteza fahamu asipande mpaka daktari amruhusu, kwa maana pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni baya kuliko la kwanza.

Moyo

Wanaume hawapendi kulisema hili. Mtu amepona mguu, lakini akisikia honi ya lori mwili wote unashtuka. Anaota ajali ile ile. Hasira zimekuwa karibu. Anapita njia ndefu ili asione ile kona. Wenzake wakimcheka, anaanza kutafuta ujasiri kwenye chupa au kwenye miraa, na hapo ajali ya pili inamngoja.

Hofu si uoga. Ni kama kengele iliyopigwa sana ikakataa kunyamaza. Kwa wengi hupungua wiki kwa wiki wakipata wa kuwasikiliza. Ikizidi mwezi mmoja na mtu halali wala hafanyi kazi, aende hospitali aonane na mshauri. Huo ni ugonjwa na una matibabu.

Mzigo mzito zaidi ni wa yule ambaye abiria wake aliumia au kufariki. Asiachwe peke yake. Wazee wawili au watatu wafuatane naye kwenda kuipa pole familia ile, kwa wakati ambao familia yenyewe imekubali. Mambo ya sheria yaendelee kwa njia yake, lakini pole haingoji korti.

Na mke asemapo, "Baba watoto, mimi sitaki uipande tena," asijibiwe kwa hasira. Naye alilala kwenye benchi la hospitali. Kaeni mzungumze: mtaishi kwa nini, ataacha saa ngapi, ataacha kubeba watu wangapi. Wengine wameamua kuuza pikipiki na kuanzisha genge, kutengeneza baiskeli au kufuga kuku. Kuacha si kushindwa. Mtu ana haki ya kurudi na ana haki ya kutorudi.

Pikipiki

Pikipiki iliyoanguka nayo ni mgonjwa. Ipelekeni kwa fundi kabla ya mwenyewe kupona, ili asije akaipanda kwa tamaa. Fundi aangalie foku kama zimepinda au zinavuja, hendeli kama inageuka hadi mwisho pande zote bila kukwama, rimu kama inayumba ikizungushwa, spoki, breki zote mbili, klachi, vikanyagio, cheni, taa, indiketa na vioo vya pembeni. Nyosha uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili. Magurudumu yasipokuwa kwenye mstari mmoja, pikipiki itavuta upande, na kwenye kona itakuangusha tena.

6. HATUA ZA KURUDI

Usianze kwenye steji. Anza uwanjani, bila abiria wala mzigo, asubuhi kukiwa kukavu. Ondoka, simama, ondoka, simama. Kisha zunguka kwa umbo la namba 8. Kisha jifunze breki upya. Wengi wetu tulifundishwa kuogopa breki ya mbele, eti inapindua. Ukweli ni kwamba unapofunga breki, uzito wote huja mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Itumie pamoja na ya nyuma, ukiifinya polepole kama anayekamua ng'ombe, si kuinyakua. Kwenye murram, mchanga au matope, au ukiwa umekata kona, ifinye kidogo sana.

Ukituliza moyo hapo, ingia barabara tulivu. Pita ile kona ya ajali mchana, ukifuatana na mwenzako. Halafu beba mzigo mwepesi. Halafu beba mtu anayekujua. Kazi ya steji iwe baada ya hayo, na usiku na mvua viwe vya mwisho kabisa. Acha nafasi kati yako na gari la mbele: likipita nguzo, hesabu sekunde mbili polepole kabla wewe hujafika pale. Mvua ikinyesha, hesabu nne.

Na ujiulize bila kujidanganya: niliangukaje? Kama ni usingizi, kulala mapema ndiyo dawa. Kama ni pombe, ndiyo ya kuachwa. Kama ni kosa la mwingine, jiulize kama alikuona. Bila jibu la swali hili umerudi na ajali yako mfukoni.

7. KAZI YA KIKUNDI

Bima ya lazima ya Sura ya 405 inamlipa mtu mwingine uliyemwumiza. Wewe mwenyewe na pikipiki yako haikulipi. Waendeshaji wengi wanalijua hili baada ya kuanguka. Kwa hiyo kila mmoja ajiandikishe na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango yake isikatike.

Zaidi ya hayo, kikundi kiwe na mfuko wake. Tuseme mko watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 1,000 kwa siku na 6,000 kwa wiki. Kwa wiki nne ni shilingi 24,000. Mgonjwa mmoja akipewa 300 kwa siku kwa hizo siku 24, ametumia 7,200, na akiba imebaki. Andikeni kanuni kabla mtu hajaanguka: nani anapewa, kiasi gani, kwa muda gani, na pikipiki yake itashikwa na nani ili isilale. Pesa zikae benki au Sacco, zitolewe kwa sahihi za watu watatu. Mfuko bila kitabu cha hesabu huvunja kikundi kuliko ajali.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni helmeti ngapi zina povu gumu ndani? Zihesabuni sasa hivi.
2. Nani kati yetu alirudi kazini kabla ya kupona? Ni nini kilimsukuma?
3. Wenye pikipiki walioziajirisha wafanye nini mwendeshaji akiumia?
4. Abiria, je, tunasema lolote mwendeshaji anapobeba watu watatu, au tunapanda tu kwa sababu tuna haraka?
5. Tunamjibu namna gani mwenzetu anayesema bado anaogopa?

KABLA YA KUKUTANA TENA

Kila mmoja apime helmeti yake kwa zile hatua tano. Isiyofaa ikatwe mshipi. Kikundi kiandike kanuni za mfuko katika ukurasa mmoja. Na kama kuna mwenzenu aliye nyumbani sasa hivi na plasta mguuni, watu wawili wamtembelee wiki hii. Wasiende mikono mitupu, na wasimwulize anarudi lini. Wamwulize mguu unaendeleaje, na watoto wamekula nini.